Pishi Ile Ile kwa Kila Mtu? Kupima Ugumu wa Kumudu Hisia kwa Wachache wa Kimapenzi na Kijinsia

Hotuba kwa watafiti, washauri nasaha na wakalimani

Ndugu watafiti, washauri nasaha, wakalimani, na ninyi wanafunzi mnaoianza kazi hii: habari za asubuhi.

Mtu anayenunua mchele kwa pishi haanzi kwa kuutazama mchele. Anaitazama pishi. Kitako chake hakikuinuliwa? Ukingo haukubonyea? Pishi ikiwa na kasoro, hata muuzaji awe mwaminifu vipi, kila hesabu inayofuata itabeba kasoro hiyo.

Kwa miaka mingi sasa, hasa Marekani, watafiti wamekuwa wakiripoti kwamba mashoga, wasagaji, wanaovutiwa na zaidi ya jinsia moja, na waliovuka jinsia hupata alama za juu kuliko wengine kwenye vipimo vya ugumu wa kumudu hisia. Alama hizo zinaingia kwenye ripoti, ripoti zinaingia kwenye mipango ya tiba, na tiba inamfikia mtu aliyeketi mbele ya mshauri. Swali letu leo ni moja: tofauti ile iko kwenye hisia, au iko kwenye pishi?

Tuanze na neno lenyewe. Tunasema kumudu hisia. Hatusemi kudhibiti. Kwa Kiswahili, serikali hudhibiti magendo na daktari hudhibiti kipindupindu. Kudhibiti ni kubana kitu kisitoke. Mhojiwa akisikia neno hilo ataelewa anaulizwa kama anajua kujikaza, na wengi wa watu tunaowazungumzia wamefundishwa kujikaza tangu utotoni. Yuko mfanyakazi anayesikia ofisini utani juu ya watu kama yeye, akatabasamu na wenzake, akarudi nyumbani asilale. Waswahili wanamwita aliyekufa kizungu, tai shingoni. Kwa kipimo cha kudhibiti huyo ni hodari. Kwa kipimo cha kumudu, yuko taabani. Ukitaka kujua mtu anaficha kiasi gani, kipo chombo kingine kabisa, dodoso la Gross na John la mwaka 2003, lenye maswali 10: 6 ya kulitazama jambo kwa jicho jipya na 4 ya kuficha hisia zisionekane. Tumieni vyote viwili, lakini kila kimoja kwa kazi yake.

Kwa nini tuwapime watu hawa hasa? Si kwa sababu wana hitilafu ya kuzaliwa nayo. Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, Shirika la Afya Duniani likafuata mwaka 1990, na orodha mpya ya shirika hilo iliyopitishwa mwaka 2019 ikautoa uvukaji jinsia kwenye sura ya magonjwa ya akili. Kinachotuhusu ni mzigo. Ilan Meyer aliueleza mwaka 2003: matukio ya kubaguliwa, kuishi ukitarajia kukataliwa, kuficha wewe ni nani, na kuimeza dharau ya wengine mpaka ikawa sauti yako mwenyewe. Mwaka 2009 Mark Hatzenbuehler aliongeza kiungo kilichokosekana. Mzigo ule, alisema, humchosha mtu uwezo wake wa kumudu hisia, na kwa njia hiyo huzaa sonona na wasiwasi. Ndiyo maana kipimo hiki kina thamani kubwa. Kumudu hisia ni jambo linaloweza kufundishwa, na mshauri anaweza kuanza kazi hata kabla jamii haijabadilika. Kipimo kikikosewa, basi, tunaharibu mahali penye matumaini zaidi.

Sasa tukifungue chombo chenyewe. Kinachotumika zaidi kinajulikana kwa herufi nne, DERS, kifupi cha jina lake la Kiingereza, Difficulties in Emotion Regulation Scale. Kim Gratz na Lizabeth Roemer walikitoa mwaka 2004 kwa majibu ya wanafunzi 357 wa chuo kikuu. Kina maswali 36 yaliyogawanyika katika mafungu sita. La kwanza, maswali 6, ni kutokubali hisia: kujionea aibu au kujilaumu kwa sababu tu umeumia. La pili, maswali 5, ni kushindwa kuendelea na kazi moyo ukiwa umevurugika. La tatu, maswali 6, ni kushindwa kujizuia. La nne, maswali 6, ni kutozingatia unachohisi. La tano ndilo refu, maswali 8: kuamini kwamba ukishaumia hakuna cha kufanya. La sita, maswali 5, ni kutojua hasa unahisi nini. Majibu ni kuanzia 1 hadi 5, na kila namba ina asilimia yake: 1 ni karibu kamwe, yaani 0 hadi 10, 2 ni wakati mwingine, 11 hadi 35, 3 ni takriban nusu ya nyakati, 36 hadi 65, 4 ni mara nyingi, 66 hadi 90, 5 ni karibu kila mara, 91 hadi 100. Msiziache asilimia hizo mnapochapa dodoso. "Mara nyingi" ya mtu mmoja ni "wakati mwingine" ya mwenzake, na asilimia ndizo zinazowakutanisha.

Jumla inaanzia 36 na kuishia 180, na alama kubwa maana yake ugumu mkubwa. Hakuna namba iliyokubaliwa kote kwamba ukiivuka basi u mgonjwa. Anayewaambia ipo, mwombeni awaonyeshe ilipatikana kwa watu gani.

Hesabu yenyewe ndipo wengi wanapojikwaa. Maswali 11 yameandikwa kwa upande mzuri, kwa hiyo lazima yageuzwe kabla ya kujumlisha: namba 1, 2, 6, 7, 8, 10, 17, 20, 22, 24 na 34. Kugeuza ni kutoa jibu kwenye 6. Aliyejibu 5 anaandikiwa 1, aliyejibu 4 anaandikiwa 2. Chukueni fungu la kujizuia, ambalo ni swali la 3, 14, 19, 24, 27 na 32. Mhojiwa amejibu 4, 2, 3, 4, 2, 2. Swali la 24 linageuzwa, 4 yake inakuwa 2, na jumla ni 15. Ukisahau kugeuza unapata 17, na hakuna kitu chochote kwenye kompyuta kitakachokupigia kelele.

Kuna njia ya kujikagua. Mtu aliyejaza 5 kuanzia juu hadi chini bila kusoma hapati 180. Baada ya kugeuza anapata 136, kwa sababu maswali 25 yanampa 125 na yale 11 yanampa 11. Aliyejaza 1 kote anapata 80 badala ya 36. Kwa hiyo mkiona 180 kamili kwenye faili lenu, msikimbilie kusema huyu ni mtu mwenye shida kubwa mno. Fungueni programu mtazame kama kugeuza kulifanyika. Mwenye kujaza 3 kote ndiye mgumu kumnasa. Yeye anapata 108 mkigeuza msigeuze, namba inayoonekana ya kawaida kabisa. Huyo mtamkamata kwa kutazama muda aliotumia tu: maswali 36 yaliyojibiwa chini ya sekunde 72, yaani chini ya sekunde 2 kwa swali, hayakusomwa. Na kwenye dodoso za mtandaoni zenye zawadi ya fedha, angalieni pia majibu yanayojirudia neno kwa neno na yale yaliyoingia kwa mkupuo usiku wa manane. Programu za kujaza fomu hazina mwelekeo wa kimapenzi, ila zitajaza lolote mradi zilipwe.

Nitakaa kidogo kwenye fungu la nne, la kuzingatia hisia, kwa sababu ndilo linalovuruga kipimo kizima. Maswali yake yote sita, 2, 6, 8, 10, 17 na 34, ni ya kugeuzwa. Mafungu mengine ama hayana la kugeuzwa, ama yana moja, na lile la kutojua unahisi nini lina mawili. Kwa hiyo fungu hili likionekana kwenda njia yake peke yake, huwezi kujua kama ni kwa sababu kuzingatia hisia ni jambo tofauti kweli, au kwa sababu tu maswali yameandikwa upande wa pili. Katika tafiti nyingi linashikamana na mengine kwa ulegevu. Joseph Bardeen na wenzake walichukua hatua ya kuyaandika upya maswali yote yaelekee upande mmoja, na toleo hilo lilitoka mwaka 2016. Wengine waliamua kuliacha fungu hilo lisiingie kwenye jumla.

Kwa watu wetu hawa kuna jambo la ziada. Mtu aliyeishi akijichunga, akipima sauti yake, mwendo wake, uso wake, asije akagundulika, huyo huzingatia anachohisi kila dakika. Atajibu 5 kwenye maswali yale, yatageuzwa, ataandikiwa 1, na kipimo kitasema hapa hana shida. Lakini kujilinda hivyo si kumudu; ni kukesha. Alama yake nzuri kwenye fungu la nne inaipunguza jumla yake na kumfanya aonekane mzima kuliko alivyo. Ndiyo sababu tunashauri jumla isiripotiwe peke yake kamwe. Andikeni mafungu sita yote, kisha jumla yenye fungu la nne na jumla isiyo nalo.

Fungu la tano nalo lina mtego wake. Linauliza kama mtu anaamini hakuna cha kumpunguzia maumivu. Kwa mwenye nyumba, kazi na jamaa wa kumkimbilia, kuamini hivyo ni ugumu wa kumudu hisia. Kwa aliyefukuzwa nyumbani akiwa na miaka 19, na zahanati ya karibu inamcheka, jibu la 4 linaweza kuwa taarifa sahihi ya hali yake. Msimtibu fikra mtu anayehitaji mahali pa kulala. Ulizeni kwa maswali machache ya pembeni kama ana mtu hata mmoja anayemwamini, na kama ana makazi ya kudumu, halafu ndipo msome fungu hilo. Na fungu la kwanza, la aibu, lipimeni sambamba na dharau iliyomezwa: kuona aibu kwa kulia na kuona aibu kwa kuwa shoga si aibu moja, ingawa hukaa chumba kimoja. Kwa waliovuka jinsia kuna kipimo cha mzigo wao cha Testa na wenzake cha mwaka 2015. Msiwapime kwa cha mashoga mkabadilisha maneno mawili.

Matoleo mafupi ni mazuri pale dodoso linapokuwa refu tayari. Lipo la maswali 16 la Bjureberg na wenzake la mwaka 2016, lililoliacha fungu la kuzingatia. Lina alama 16 hadi 80 na halina hata swali moja la kugeuzwa. Yapo mawili ya maswali 18, ya mwaka huo huo, yaliyobaki na mafungu yote sita, maswali matatu kila moja. Lile la 16 linafaa ukitaka jumla moja safi. Hasara yake ni kwamba aliyejaza 1 kote anapata 16 yake bila kushukiwa, kwa hiyo chomekeni swali la kuhakiki usikivu: "Katika mstari huu weka alama ya 4."

Sasa turudi kwenye pishi. Kabla ya kusema kundi hili lina alama kubwa kuliko lile, lazima muonyeshe kwamba kipimo kinafanya kazi namna moja kwa wote, na kazi hiyo ina ngazi. Ya kwanza ni umbo: je, maswali yanajipanga katika mafungu yale yale kwa kila kundi? Ya pili ni uzito: je, kila swali linalivuta fungu lake kwa nguvu ile ile? Ya tatu ni kianzio: je, watu wawili wenye ugumu sawa kabisa, mmoja wa kundi hili na mmoja wa lile, watatoa jibu moja kwenye swali hilo? Hapa ndipo kitako cha pishi kinapokuwa kimeinuliwa. Swali la kujionea aibu linaweza kupanda kwa watu waliolelewa wakiaibishwa hata kama uwezo wao wa kumudu ni sawa na wa jirani. Ngazi ya tatu isiposhika, kulinganisha wastani hakuna maana.

Kanuni za mkono zinazotumika sana zinatazama namba mbili ambazo programu hutoa kuonyesha jinsi mfumo unavyolingana na majibu, CFI na RMSEA: mkipanda ngazi moja, CFI isishuke zaidi ya 0.010 na RMSEA isipande zaidi ya 0.015. Majibu ni ya ngazi tano, si ya rula, kwa hiyo iambieni programu kwamba ni ya mpangilio. Ngazi ikivunjika, msifute swali kimyakimya. Tafuteni swali moja au mawili yaliyoivunja, yaachieni huru, yaani yasilazimishwe kuwa sawa kwa makundi yote, hesabuni tofauti ya makundi kabla na baada, kisha chapisheni namba zote mbili. Msomaji ana haki ya kujua ni kiasi gani cha tofauti kilitoka kwenye maswali hayo mawili.

Shida kubwa hapa ni idadi ya watu. Mfumo wa mafungu sita yenye kuhusiana, hata katika umbo lake rahisi, una vitu 87 vya kukadiriwa: uzito 36, mabaki 36 (sehemu ya kila jibu isiyoelezwa na fungu lake), na mahusiano 15 kati ya mafungu. Huwezi kukadiria hayo kwa watu 60. Watafiti wakiona hivyo huwachanganya wanawake waliovuka, wanaume waliovuka, na wasiojitambulisha na jinsia yoyote kati ya hizo mbili kuwa chungu kimoja. Au humtupa anayevutiwa na jinsia zote mbili kwa mashoga ili namba itimie. Kufanya hivyo ni kuwafuta watu wakati wa kuwahesabu. Mkiwa na watu wachache, tumieni toleo la maswali 16, elezeni kila kundi peke yake, na msilinganishe. Makundi makubwa yapo: huko Marekani, utafiti uitwao PRIDE, unaofuatilia wachache wa kimapenzi na kijinsia peke yao kwa dodoso za kila mwaka, umejengwa ili makundi ya ndani yaweze kutazamwa moja moja.

Nije kwa wakalimani, kwa sababu wazungumzaji wa Kiswahili wanaulizwa maswali haya huko ughaibuni, wengi wao wakimbizi kutoka Kongo. Zaidi ya nusu ya maswali 36 yanaanza na maneno ya Kiingereza "When I'm upset", na hilo "upset" hubeba hasira, huzuni na kuvurugika kwa pamoja. Sisi hatuna neno moja la hivyo. Ukisema "nikikasirika", umepima hasira. Ukisema "nikihuzunika", umepima huzuni. "Moyo ukinichafuka" kwa wengi ni kichefuchefu. Sisi tunaegemea "nikiwa nimeumia moyoni" au "nikiwa sina raha moyoni", na hata hayo yajaribiwe kwa watu wa Goma na Bukavu kabla ya kuchapwa, si kwa watu wa Unguja na Mombasa peke yao. Njia ni ile ya kumwomba mtu aseme kwa maneno yake alivyoelewa swali, mmoja mmoja, watu 8 hadi 10, kisha mrekebishe na kurudia.

Chungeni kukanusha. Ukimwuliza mtu kwa mdomo, "Huzingatii unachohisi?" naye akajibu "Ndiyo", amekubali kwamba hazingatii. Mkalimani aliyezoea Kiingereza anaweza kuandika kinyume, na kwa kuwa maswali yale ya kuzingatia hisia ndiyo ya kugeuzwa, kosa linageuzwa mara ya pili. Mpeni mhojiwa kadi yenye namba na asilimia ashike mkononi, aonyeshe kwa kidole.

Msiandike pia "Je, wewe ni shoga?" Pwani, mwanamke humwita rafiki yake shoga bila ubaya wowote, na mahali pengine neno hilo hilo ni tusi. Ulizeni kwa maelezo: unavutiwa kimapenzi na wanaume, wanawake, wote, au hakuna, umekuwa na mahusiano na nani, na wewe mwenyewe unajiitaje. Hayo ni maswali matatu, na majibu yake hayafanani kila mara. Kuhusu jinsia yaulizwe mawili: ulipozaliwa uliandikwa wa kike au wa kiume, na leo unajitambulisha vipi, kwa ruhusa ya kuchagua zaidi ya moja. Lugha yetu imetusaidia hapa, kwa kuwa "yeye" ni yeye tu, na hakuna swali la DERS litakalomlazimisha mtu kujiita asivyo.

La mwisho ni usalama, na hili halina mjadala. Marekani, utafiti unaofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya una hati ya usiri inayozuia majina kudaiwa mahakamani. Nyumbani hali ni nyingine. Kenya, vifungu 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vinavyotumika kuadhibu mapenzi ya jinsia moja, vilibakishwa na Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019. Tanzania, adhabu ya kifungu cha 154 kinachofanana na hivyo inafika kifungo cha maisha. Uganda ilipitisha sheria yake kali mwaka 2023. Mhojiwa aliyeko Minneapolis, Marekani, ana mama Kampala na simu yenye picha za wote wawili. Kwa hiyo msichukue jina pale msipolihitaji. Zimeni kurekodi anwani ya intaneti kwenye programu ya dodoso, maana mara nyingi huja ikiwa imewashwa. Mwaka wa kuzaliwa unatosha, tarehe haihitajiki. Na kundi lenye watu chini ya 10 kwenye jedwali lisichapwe pamoja na mji wao. Faili la namba za siri zinazomtambulisha kila mhojiwa likae mbali na faili la majibu, chini ya mtu mwingine. Ukurasa wa mwisho wa dodoso uwe na namba ya msaada inayofanya kazi mahali mhojiwa alipo, kama 988 kwa aliyeko Marekani. Ipigeni wenyewe siku moja kabla ya kufungua dodoso, mjue inapokelewa, na kama anayepokea anaweza kumwita mkalimani wa Kiswahili.